Ipime Kabla ya Kuifungua

Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi ya Marekani iitwayo Thresher ilizama mashariki ya Cape Cod ilipokuwa ikijaribiwa kwenye kina kirefu. Walikuwamo watu 129 na hakuna aliyeokoka. Wachunguzi waliona kuwa huenda kiungo cha bomba la maji chumvi kiliachia, maji yakarukia mitambo ya umeme, kinu cha nyuklia kikajizima, na hewa iliyotakiwa kuyafukuza maji kwenye matangi ikakwama kwa sababu barafu iliziba vichujio vyake. Kabla ya safari hiyo, gudini Portsmouth, mafundi walikuwa wamepima viungo vya aina hiyo kwa mawimbi ya sauti, njia iliyokuwa ngeni wakati ule. Walipima 145. Asilimia 14 vilikuwa chini ya kiwango. Chombo kizima kilikuwa na viungo hivyo karibu 3,000, lakini kuendelea kupima kungechelewesha ratiba, basi kazi ikasimamishwa.

Mashine ilipimwa, ikajibu, na jibu lake halikumwajibisha mtu yeyote. Ukitaka kuanza kutunza mashine kwa hali yake badala ya kwa kalenda, anza kwa kulitafakari hilo. Wauzaji wa vifaa watakueleza habari za vitambuzi, skrini na programu. Hawatakuambia ni nani mwenye amri ya kuizima pampu saa nane za usiku.

Haya ni kwa anayekabidhiwa mashine pamoja na daftari lake: fundi wa feri, mwanafunzi wa ubaharia Dar es Salaam au Mombasa, msimamizi wa jenereta za hospitali. Afrika Mashariki haina nyambizi hata moja. Barani mwetu wanazo Misri, Algeria na Afrika Kusini. Nimeichagua nyambizi kwa kuwa mafundi wake hawana wa kumpigia simu wakiwa chini, hawana nafasi ya kuweka vipuri vingi, na kila mita 10 wanazoshuka huongeza shinikizo la takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba juu ya kila bomba linaloungana na bahari. Wakiwa mita 300 chini, kilo hizo ni 30. Watu wa namna hiyo wamelazimika kujua mapema nini kinaelekea kuharibika, na pampu yao haina tofauti kubwa na pampu yako.

Kalenda na mipaka yake

Mafundi wengi wamelelewa na kalenda: saa kadhaa zikitimia, mwaga oili, badilisha filta. Kwa oili na filta sina ugomvi nayo, maana gharama ni ndogo na hakuna kinachofunguliwa sana. Ugomvi unaanza pale kalenda inapoamuru kufungua mashine iliyo nzima.

Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap, wahandisi wa shirika la ndege la United, waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti iliyowatikisa mafundi wa ndege. Ni asilimia 11 tu ya vipuri walivyovichunguza vilivyoonyesha kuchakaa kadiri umri unavyokwenda. Vilivyobaki, asilimia 89, havikupata faida yoyote kwa kuwekewa umri wa kung'olewa. Zaidi ya hapo, asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi mwanzoni, muda mfupi baada ya kufungwa. Kwa maneno ya karakana: aliyefungua kwa nia njema ndiye aliyeleta ubovu.

Mwaka 2001 ofisi inayopanga matengenezo ya nyambizi za Marekani, SUBMEPP, ilipitia kumbukumbu zake kwa macho hayohayo. Vifaa visivyofuata umri vilikuwa kama asilimia 71. Kwangu tofauti na ndege inaeleweka. Maji chumvi hula chuma polepole kwa mwendo unaoweza kuhesabiwa, ndiyo maana sehemu ya kalenda ni kubwa zaidi baharini. Hata hivyo sehemu iliyobaki ndiyo kubwa, na huko kalenda inakubahatishia tu.

Kwenye nyambizi kufungua kuna gharama nyingine. Baada ya Thresher, Wamarekani waliweka mpango wa usalama unaoitwa SUBSAFE. Mtu hawezi kulegeza boliti ya kiungo kinachozuia bahari bila kwanza kuandika anafungua nini na kwa nini, na hawezi kukifunga bila kuonyesha ushahidi wa kila kilichofanyika: gasketi ipi, boliti za chuma gani, zilikazwa kwa nguvu kiasi gani, zilijaribiwa vipi. Kila kufungua ni deni la karatasi na la majaribio. Mafundi wanaoishi na deni hilo hujifunza upesi kuuliza kama mashine inaweza kueleza hali yake ikiwa imefungwa.

Tafuta dalili, kisha muda wake

Usianze na kifaa cha kupimia. Anza na karatasi. Chukua mashine moja na uandike inaweza kuharibika kwa njia zipi, kila njia hutoa dalili gani, na tangu dalili ionekane mpaka mashine isimame kuna muda gani. Muda huo wa mwisho ndio ufunguo wa kazi yote, na ndio watu wengi wanaouruka.

Beringi ya pampu ikianza kuchimbika njia yake ya ndani, mtetemo hubadilika wiki au miezi kabla haijajikaza. Kipoozaji kinapozibwa na uchafu wa bahari, joto hupanda kwa siku nyingi. Kadi ya kielektroniki, kwa upande mwingine, inaweza kufa bila hata kukohoa. Hapo kupima hakusaidii, weka kadi ya akiba.

Ukishaujua muda wa onyo, pima angalau mara mbili ndani yake. Kama beringi hutoa onyo la wiki nane, kuipima kila baada ya wiki nne ni mwisho wa uvivu unaoruhusiwa. Kisha linganisha onyo na safari. Nyambizi za Marekani za daraja la Ohio hukaa baharini kwa wastani wa siku 77, halafu siku 35 bandarini kwa matengenezo. Kwa chombo kama hicho kuna makundi mawili ya ubovu. Ule wenye onyo refu kuliko safari hupimwa kabla ya kung'oa nanga, na ukionekana, kazi inaingizwa kwenye zile siku 35. Ule wenye onyo fupi kuliko safari unahitaji kipimo cha ndani ya chombo, pamoja na kipuri, na mtu anayejua kukifunga. Feri ya safari fupi inarudi jioni, kwa hiyo orodha yake ya kundi la pili ni fupi mno. Meli ya mizigo ya Ziwa Tanganyika ina orodha ndefu zaidi. Pangia safari yako, usiige ya mwingine.

Hali ya kawaida lazima iandikwe

Kipimo kimoja hakina maana. Mtetemo wa milimita 2.5 kwa sekunde ni mzuri au mbaya? Kwa mashine iliyokuwa 2.4 mwaka mzima, hakuna habari. Kwa iliyokuwa 0.9 mwezi uliopita, tafuta sababu leo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza, kabla ya kutafuta ubovu wowote, ni kuandika hali ya kawaida ya kila mashine ikiwa nzima, na masharti yake kando yake. Kwenye nyambizi masharti hayo ni mengi: kina, mwendo, joto la bahari, mashine gani nyingine zinafanya kazi, vali zipi ziko wazi. Injini ya dizeli inayopumulia bomba la hewa chombo kikiwa chini kidogo ya uso wa maji husukuma moshi wake dhidi ya maji, na joto la moshi wake huwa juu kuliko ikikimbia juu ya maji. Ukichanganya vipimo vya hali hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, utaona ugonjwa usiokuwepo. Fungua ukurasa wa kila hali.

Joto lina mtego wake. Chombo kikitoka Atlantiki ya Kaskazini kikaingia Ghuba wakati wa kiangazi, maji ya bahari hupita nyuzi 30 na kila kipoozaji huonekana kigonjwa. Andika tofauti, si joto tupu: maji matamu yanayotoka kwenye kipoozaji yamezidi maji ya bahari yanayoingia kwa nyuzi ngapi, kwa mzigo ule ule? Tofauti hiyo ikikua kutoka nyuzi 5 hadi 9, kuna uchafu ndani, bahari iwe ya baridi au ya moto.

Na weka alama mahali pa kupimia. Tone la rangi au kijisahani cha chuma kilichogundishwa kwenye nyumba ya beringi vinatosha. Fundi wa zamu ya asubuhi akiweka kitambuzi upande wa kulia na wa jioni akakiweka juu, grafu yenu itakuwa ya tabia za mafundi.

Mtetemo, na kwa nini nyambizi inaujali mara mbili

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hakuna kipimo kinachosema mengi kama hiki kwa bei yake.

Chukua pampu inayozunguka mara 1,800 kwa dakika. Hiyo ni mara 30 kwa sekunde, yaani Hz 30. Mtetemo ukikua kwenye Hz 30 zenyewe, shuku kwanza uzito usiolingana kwenye sehemu inayozunguka. Ukikua kwenye Hz 60, shuku kwamba shafti ya mota na ya pampu hazijanyooka pamoja. Kama gurudumu la pampu lina mapanga matano, tarajia kitu kwenye Hz 150. Kikipanda, angalia mtiririko wa maji. Beringi ina hesabu yake: zidisha idadi ya gololi kwa mzunguko, kisha kwa 0.4 upate mlio wa njia ya nje, na kwa 0.6 upate wa njia ya ndani. Kwa gololi tisa hapa utapata Hz 108 na Hz 162. Ni makadirio, hesabu kamili inataka vipimo vya beringi yenyewe, ila yanatosha kukuambia uanzie wapi. Na ukisikia sauti kama changarawe ndani ya pampu, bila mlio mmoja ulio wazi kwenye grafu, tazama upande wa kufyonza kabla ya kuilaumu beringi: huenda vali haijafunguliwa yote au kichujio kimeziba, na maji yanachemka kwa kukosa shinikizo.

Kwenye nyambizi mtetemo una mwenzake, kelele. Mtetemo wa pampu hupita kwenye miguu yake, ukaingia kwenye bodi, ukatoka baharini, na sonari ya adui ikausikia. Kwa hiyo pampu ambayo fundi wa kiwandani angeiacha ifanye kazi mwaka mzima, huko inaweza kuzimwa wiki hiyo ingawa ni nzima kiufundi. Mashine huwekwa juu ya vibao vya mpira, nyingine juu ya jukwaa zima linaloelea juu ya mipira, na vitambuzi hupachikwa juu ya mpira na chini yake. Tofauti kati ya viwili hivyo huonyesha hali ya mpira wenyewe. Jenereta yako ikiwa imekaa juu ya mpira, fanya hivyohivyo: mtetemo wa sakafu ukipanda huku wa mashine umebaki palepale, mpira umekauka, au mtu ameacha bomba gumu linagusa ukuta. Hilo la pili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Oili na umeme, kwa ufupi

Sampuli ya oili ichukuliwe mashine ikiwa na joto, mahali palepale, kabla ya filta. Chuma kikiongezeka, gia au silinda zinalika. Shaba ikiongezeka, tazama bushi na vipoozaji. Kwenye haidroliki inayoendesha mapezi na milingoti ya nyambizi, jambo la kwanza kutafutwa ni maji, hasa maji chumvi, kwa sababu yanaonyesha sili iliyoanza kupitisha bahari. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imechelewa kukuambia. Mtungi wa sampuli ungekuambia mapema.

Kwenye mota, pima ukinzani wa insulesheni na uandike joto la waya kila mara. Kwa kadirio linalotumika sana, ukinzani hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Megaomu 40 kwa nyuzi 50 na megaomu 20 kwa nyuzi 60 ni afya ileile. Nimeona daftari zilizojaa tarakimu za ukinzani bila joto hata mara moja, miaka mitatu ya kazi isiyosomeka.

Nyambizi pia hupima hewa yenyewe bila kukoma: oksijeni, kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi, hidrojeni, gesi za majokofu. Gesi ya jokofu ikionekana hewani, mtu hujua kiyoyozi kinavuja kabla fundi hajaona presha ikishuka.

Betri

Nyambizi ya dizeli huishi kwa betri, na betri ni mamia ya seli zilizopangwa chini ya sakafu. Seli moja dhaifu huziburuta nyingine. Kipimo cha kundi zima kinaweza kuwa kizuri huku seli moja imeanza kupata joto, kwa hiyo linganisha kila seli na majirani zake, siku hiyohiyo, kwa mzigo uleule: volti, uzito wa asidi uliosahihishwa kwa joto, na joto lenyewe. Seli ya asidi na risasi iliyopumzika ikiwa imejaa huwa karibu volti 2.1. Iliyo chini ya wenzake baada ya kila chaji, iwekee alama na uifuatilie, usingoje ifike kikomo cha kitabu.

Wakati wa chaji betri hutoa hidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka. Kwa hiyo feni ya chumba cha betri ni mashine ya daraja la kwanza hata kama ni ndogo kuliko zote. Chumba cha betri za akiba kwenye mnara wa simu au hospitali kina sheria hiyohiyo ya kemia. Ukifika, tazama feni kwanza.

Tarehe 15 Novemba 2017 nyambizi ya Argentina San Juan iliripoti kwamba maji ya bahari yaliingia kwa njia ya mfumo wa hewa, yakafika kwenye tangi la betri namba 3, yakasababisha hitilafu ya umeme na moto kuanza. Ilipotea siku hiyo na watu 44. Ilipatikana mwaka mmoja na siku moja baadaye, mita 907 chini. Ukiwa na orodha yako ya njia za kuharibika, usiishie kwenye mashine yenyewe. Uliza pia nini kinaweza kuifikia kutoka nje: betri inaweza kuwa haina ila yoyote, na vali ya hewa iliyo mbali nayo ikawa ndiyo hatari yake.

Japani sasa inatumia lithiamu. Oryu, iliyoingia kazini Machi 2020, ilikuwa ya kwanza duniani. Huko kompyuta husoma volti na joto la seli wakati wote. Kazi ya fundi inabaki ileile, kutafuta inayotofautiana na jirani zake.

Uamuzi uandikwe kabla ya kipimo

Sasa rudi kwenye swali la saa nane za usiku. Kwa kila kipimo andika ngazi, na kwa kila ngazi andika kitendo na mwenye amri. Mfano wa pampu ya kupoozea ambayo kawaida yake ni milimita 1.8 kwa sekunde: ikifika 2.8, rudia kipimo ndani ya saa 24 kwa masharti yaleyale, ikifika 4.5, agiza beringi na upime kila siku, ikifika 7.1, washa ya akiba na uizime hii, na mwenye zamu afanye hivyo bila kuomba ruhusa. Tarakimu ni za mfano, weka zako. Ruhusa ndiyo nisiyokuachia uchague: lazima iandikwe, itiwe sahihi na mkubwa wakati mashine bado ni nzima na hakuna abiria anayesubiri. Anayetaka kuvuka kikomo awe ni yeye anayeandika sababu na jina lake. Ukiacha mzigo wa kujieleza kwa fundi anayetaka kusimamisha, mashine itaendelea kukimbia.

Yapo mambo ambayo hayaachiwi hali peke yake. Bodi inayobeba shinikizo, viungo vinavyozuia bahari na vali za dharura vina tarehe, na tarehe ikipita chombo hakizami hata kama kila kipimo ni kizuri. Nyambizi ya Marekani Boise ilipoteza kibali cha kuzamia huku ikisubiri nafasi gudini, ikakaa miaka imefungwa gatini. Mkataba wa matengenezo yake makubwa, wa takriban dola bilioni 1.2, ulitolewa 2024. Kwako, maboya, vizima moto na vali za usalama za boila viko upande huo wa kalenda.

Ukipata ubovu, usiishie kwenye mashine moja. Mei 2000 nyambizi ya Uingereza Tireless ilivuja kwenye mfumo wa kupooza kinu chake, ikaingia Gibraltar na kukaa karibu mwaka mzima. Oktoba hiyohiyo Uingereza ilizirudisha nyambizi zake za mashambulizi zikaguliwe sehemu ileile. Fanya vivyo hivyo kwa ukubwa wako: orodhesha mashine zote za aina moja, zilizofungwa na fundi yuleyule au zilizopokea vipuri vya shehena ileile, upime mahali palepale kabla ya siku kwisha.

Kipuri ulichokitoa usikitupe. Kifunge na kibandiko chenye tarehe na kipimo cha mwisho, kisha kikate au kifungue na ulinganishe na grafu ilivyosema. Ukikuta beringi imechimbika pale ulipotarajia, kikomo ni sahihi. Ukikuta ni nzima, tafuta mtetemo ulitoka wapi, rekebisha kikomo, na uweke sahihi yako kando ya tarakimu mpya.